MTO MMOJA, MAJINA MENGI

Wengi wetu twazijua habari za mto Nile, lakini ni wachache waliopata kuelezwa habari za mto Kongo. Kwa wingi wa maji mto huu hauna mwenzake katika Afrika, na duniani hupitwa na Amazon tu. Urefu wake ni kama maili 2,900.

Watu wa mlangoni mwake, karibu na bahari ya Atlantic, waliuita Nzadi, yaani mto mkubwa. Wareno walipofika huko katika miaka ya 1480, walitamka Zaire. Jina la Kongo lilitoka katika ufalme wa Wakongo uliokuwa kusini ya mlango huo. Lakini huko juu, katika nchi ya Katanga, mto huo huo huitwa Lualaba. Kila watu waliliita pande lao, wala hawakujua kuwa ni mto mmoja.

Jambo hilo liliwapoteza hata wenye elimu. Dokta Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871. Akaona maji yaelekea kaskazini, akadhani ndio mwanzo wa Nile. Alikufa mwaka 1873 bila kupata hakika. Mwaka uliofuata Bwana Cameron alipima kimo cha nchi, akaona Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro iliyo juu ya Nile. Na maji hayapandi mlima.

Jawabu kamili lilipatikana katika safari ya Bwana Stanley, ambaye mwanzoni alisindikizwa na Tippu Tip. Waliondoka Nyangwe mwezi wa Novemba 1876 wakaufuata mto. Huvuka Ikweta penye maporomoko ya Boyoma, juu kidogo ya Kisangani, kisha hupinda kuelekea magharibi na kusini, ukavuka Ikweta tena karibu na Mbandaka. Ndiyo sababu maji yake hayapungui sana: mvua zikikoma upande mmoja, hunyesha upande wa pili.

Msafara ulifika Boma mwezi wa Agosti 1877. Waliofika hawakutimia nusu ya wale walioondoka Bagamoyo mwaka 1874. Wengine walikuwa wametoroka. Wengine walikufa kwa njaa, maradhi na vita, na wengine, kama kijana Kalulu, walimezwa na maporomoko. Wengi wao walikuwa watu wa Unguja na mrima.

Stanley alitaka mto uitwe Livingstone, lakini jina hilo lilibaki katika maporomoko ya chini tu. Mwaka 1971 serikali ya huko iliuita tena Zaire. Mwaka 1997 likarudi jina la Kongo.

Majina ya ramani hubadilika kwa amri. Lakini Kiswahili kilichopelekwa na misafara ya pwani, pamoja na mema na mabaya yake, hata leo chasemwa Kisangani. Basi tusomapo ramani, tusikumbuke jina la kiongozi wa safari peke yake. Tuwakumbuke na wapagazi waliochukua mizigo yake, ambao hakuna mto uliopewa majina yao.