Si Kila Maumivu ya Kinena ni Ngiri

Mwanaume wa wilaya ya Ngara au Biharamulo anayeumwa kinena huwa ameshalipa tatizo lake jina kabla hajafika zahanati: ngiri. Mitaani jina hilo limebebeshwa mengi, kuanzia uvimbe hadi maumivu ya kiuno na upungufu wa nguvu za kiume, na wauza mitishamba wanalijua vizuri. Hata hivyo, dhana hiyo haikuzuka hewani. Makadirio yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kuwa takriban asilimia 12 ya wanaume wazima Tanzania wana ngiri ya kinena, na utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wa 2012 ulihusu wagonjwa 452 wa ngiri hiyo, karibu wote wanaume. Kuishuku ngiri, basi, ni haki. Kosa ni kuishia hapo, kwa sababu mtu anaweza kuwa na ngiri isiyomuuma kabisa, huku maumivu yanayomkosesha raha yanatoka kwenye neva.

Neva za kinena huanzia mgongoni, pale mbavu zinapoishia, zikapenya katikati ya misuli ya tumbo hadi kwenye kinena, paja la ndani na ngozi ya korodani. Nyingine, ya pudenda, hutoka chini zaidi na kupita makalioni kwenda kwenye msamba. Neva yoyote kati ya hizi ikibanwa popote njiani, mtu huhisi maumivu kule inakoishia: moto, shoti, ganzi, hata nguo kumkera. Dereva wa bodaboda au mpanda baiskeli asikilizwe kwa makini hapa. Maumivu yakizidi akikaa, yakapungua akisimama, na yasimwamshe usiku, dalili zinaelekea kwenye neva ya pudenda. Madaktari wa Nantes, Ufaransa, walivichapisha vigezo hivyo 2008.

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia anahitajika kabla ya kisu, si baada yake tu. Upimaji wake hauanzii kwenye kinena. Huuliza maumivu yalianzaje na kama mgonjwa aliwahi kupasuliwa, humwinamisha na kumrudisha nyuma, kisha humkunja nyonga na kuizungusha, maana nyonga iliyochakaa mara nyingi huuma kinenani. Humtaka abane ngumi katikati ya magoti. Akiumia karibu na mfupa wa kinena, misuli ya paja ndiyo ya kushukiwa. Mwisho huchukua pamba na pini, akalinganisha ngozi ya upande huu na ule na kuchora mpaka wa ganzi. Ultrasaundi huonyesha tundu la ngiri, lakini haimwambii daktari mahali ngozi ilipokufa ganzi.

Mtu atasema wagonjwa wa ngiri wanachelewa tayari, sasa tunawaongezea hatua nyingine. Pingamizi hilo ni zito. Uvimbe uliogoma kurudi ndani, korodani inayouma ghafla (hiyo ina saa sita hivi kabla ya kuharibika ikiwa imejinyonga), au ganzi ya msamba pamoja na mkojo kuziba, ni mambo ya kukimbilia hospitali ya Murgwanza au Biharamulo bila kungoja pini wala pamba. Kwa wengine waliobaki, upimaji huu haumalizi hata saa. Tena upasuaji wenyewe unaweza kujeruhi neva: miongozo ya kimataifa ya 2018 inakadiria kuwa mmoja kati ya kumi hubaki na maumivu sugu. Asiyepimwa ganzi kabla, nani atajua baadaye kama neva iliumia mezani au ilikuwa hivyo tangu awali?

Ni kweli wataalamu wa fiziotherapia ni wachache huko wilayani, na ushahidi wa mazoezi ya neva wanayofundisha bado ni mwembamba; kupunguza kukaa na kubadili tandiko la baiskeli huenda kukamfaa mgonjwa kuliko mazoezi hayo. Lakini kuchora mipaka ya ganzi anakuweza hata tabibu wa zahanati, mradi afunge mlango, kwa kuwa mwanaume mwenye haya husema anaumwa kiuno tu. Karatasi yenye mchoro huo ikisafiri na barua ya rufaa kutoka Rulenge, wilayani Ngara, hadi Bugando, daktari wa huko hataanza upya na maswali ambayo mgonjwa aliyajibu kwa shida mara ya kwanza.