Chupa Iliyosimama Chini ya Bati

Mwaka nilipooa nililetewa chupa ya mvinyo mwekundu kutoka Dodoma. Niliisimamisha juu ya kabati, hapa Chato, tukakubaliana na mke wangu kuifungua baada ya miaka kumi. Siku ilipofika, kizibo kilimeguka shingoni, na ndani tukakuta siki. Iliniuma sana.

Nikaanza kuulizia na kusoma. Kizibo ni gome la mti: chupa ikisimama miaka mingi kinakauka, kinasinyaa, hewa inapenya. Ndiyo maana chupa hulazwa, gizani, kwenye joto la nyuzi 13 hivi lisilopandapanda. Kwetu usiku hupoa, lakini mchana bati huchoma. Tena mvinyo mwingi ni wa kunywewa mapema. Wa kuzeeka huhitaji ukakasi, uchachu au sukari ya kutosha.

Kwetu mkoani Geita dhahabu hupimwa kwa mizani. Mvinyo mkongwe hupimwa kwa historia yake: shamba, mwaka wa mavuno, ujazo uliobaki shingoni, na ulikotunzwa. Oktoba 2018, mnadani New York, chupa moja ya Romanée-Conti ya 1945 iliuzwa dola 558,000. Mavuno yale yalitoa chupa 600 tu kabla mizabibu mikongwe haijang'olewa, na iliyouzwa ilitoka kwenye hifadhi ya Robert Drouhin, mfanyabiashara wa mvinyo wa Ufaransa.

Sasa nina chupa nyingine, ya zabibu za Makutupora, Dodoma. Nimeilaza kwenye sanduku la mbao, sakafuni, mbali na jiko.