Waifai Ifike Mpaka Dukani



Baadhi ya nyumba vijijini sasa zina ruta. Ruta ni kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa kwa simu na kompyuta za nyumbani bila waya. Mgao huo ndio tunaouita waifai.

Lakini kaya zetu hazikai chini ya paa moja. Nyumba kubwa iko hapa, jiko liko kule, banda la vijana liko pale, na duka liko karibu na barabara. Waifai ya nyumba kubwa mara nyingi haifiki huko. Kijana anayesoma hulazimika kukaa nje usiku, simu mkononi, akitafuta mawimbi.

Hapo ndipo watu hupoteza fedha. Mtu huenda mjini, hununua chombo cha kuongeza mawimbi, hukichomeka dukani, na hakuna kinachobadilika. Tujifunze kwanza, ndipo tununue.

Kwa nini waifai haifiki?

Waifai husafiri kwa mawimbi, kama redio. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Redio husikiliza tu. Simu husikiliza na pia hujibu. Ruta ina sauti kubwa kidogo, lakini sauti ya simu ni ndogo. Ndiyo maana pengine simu huonyesha kuwa mawimbi yapo, lakini ujumbe hauendi. Simu inaisikia ruta, ila ruta haiisikii simu.

Ukuta hupunguza mawimbi. Ukuta wa matofali ya saruji hupunguza sana kuliko mbao. Bati ni baya zaidi, maana huyarudisha mawimbi yalikotoka. Duka lililozungushiwa bati ni kama sanduku lililofungwa. Hata miti yenye majani mengi hupunguza.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi zaidi, lakini huchoka mapema. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi.

Anza na jambo lisilo na gharama

Ihamishe ruta. Iweke juu, karibu na dirisha linalotazama duka. Usiifiche nyuma ya kabati la chuma au friji. Kisha nenda dukani ukajaribu kwa mawimbi ya 2.4. Pengine kazi itaishia hapo.

Njia tatu

Ikiwa bado haifiki, pima umbali kwa hatua. Hatua moja ya mtu mzima ni karibu robo tatu ya meta. Halafu chagua.

Njia ya kwanza ni ripita. Hiki ni chombo kinachopokea mawimbi na kuyatoa tena. Ni kama mtu anayepokeza mbiu: lazima kwanza amsikie mpiga mbiu wa kwanza. Kwa hiyo usiiweke dukani ambako mawimbi hayafiki. Iweke katikati ya njia, mahali penye umeme, pasiponyeshewa na mvua, na ambapo mawimbi bado yana nguvu. Ripita nyingi za bei nafuu hupunguza kasi karibu nusu, maana hupokea na kutoa kwa zamu. Hufaa kwa umbali mdogo.

Njia ya pili ni waya. Waya wa mtandao wa shaba hutoka kwenye ruta mpaka dukani, na huko huunganishwa na chombo cha pili kinachotoa waifai. Njia hii haisumbuliwi na ukuta wala bati. Lakini waya usizidi meta 100. Nunua wa kutumika nje, wenye shaba tupu. Ule wa aluminiamu uliopakwa shaba ni wa bei ndogo, lakini ni dhaifu. Ufukie ndani ya bomba la plastiki, na usiuchanganye na waya wa umeme katika bomba moja.

Njia ya tatu ni antena mbili zinazotazamana, moja nyumba kubwa na nyingine dukani. Hizi huvuka hata mamia ya meta. Ila lazima zionane. Mti au paa likikaa katikati, kazi huharibika.

Tahadhari ya radi

Hili ni jambo la uhai. Radi ikipiga karibu, waya wa shaba uliounganisha majengo mawili huweza kubeba umeme mkali kutoka jengo moja hadi jingine. Vyombo huungua, na anayevigusa huweza kuumia au kufa. Usitundike waya huo juu ya miti au mapaa. Mahali penye radi nyingi, waya wa fiba ni bora, maana hupitisha mwanga na haupitishi umeme. Uwe ule usio na uzi wa chuma ndani. Antena nazo huondoa waya wa shaba kati ya majengo, lakini zifungwe na fundi anayejua kuzuia radi. Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa vyombo mapema. Radi ikishaanza, usiviguse.

Kumbuka pia

Kupeleka waifai mbali hakuongezi kifurushi. Chungu ni kile kile, walaji wameongezeka. Weka neno la siri refu, na usilibandike ukutani dukani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini simu inaweza kuonyesha mawimbi lakini ujumbe usiende?
2. Duka liko hatua 60 kutoka nyumba kubwa. Je, waya wa meta 100 utatosha?
3. Kijijini kwenu radi ni nyingi. Mtachagua njia gani, na kwa nini?