Taa Nyekundu Ikimweka, Usiisogelee Ndege

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) uko Embakasi, na husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya (KAA), si Serikali ya Kaunti. Hata hivyo, mkazi wa Baba Dogo anayepata kazi ya kupakua mizigo huko anafaa kujua jambo moja kabla ya zamu ya kwanza: ndege ikifika kwenye maegesho, haimaanishi imezimwa. Magurudumu yanaweza kutulia ilhali injini bado zinazunguka.

Ishara ni taa nyekundu inayomweka juu ya ndege na chini ya tumbo lake. Ikiwaka, chukulia kwamba injini inazunguka. Masikio usiyaamini. Umeyaziba kujikinga na kelele, na ndege ya pembeni inanguruma. Huwezi kutofautisha injini ipi imezimwa.

Tarehe 31 Desemba 2022, katika uwanja wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, ndege aina ya Embraer 170 ilikuwa tayari imeegeshwa. Jenereta yake ya ndani ilikuwa na hitilafu, hivyo rubani aliacha injini zote mbili zikizunguka ili zipoe kwa dakika mbili, huku akisubiri kuunganishiwa umeme. Wafanyakazi walikuwa wameelezwa hayo katika kikao kifupi. Bado mmoja wao alipita mbele ya injini, akavutwa ndani na kufariki. Mwongozo wa kazi uliotajwa na wachunguzi ulitaka watu wakae umbali wa futi 15, yaani takriban mita 4.5, na ulieleza kuwa injini ikishazimwa huchukua sekunde 30 hadi 60 kutulia. Dakika moja tu! Lakini ndege ikiwa imechelewa na msimamizi anapiga kelele, dakika hiyo huonekana ndefu.

Ndege inapoingia au kutoka, anayeiongoza ni mwelekezi aliye mbele, pamoja na walinzi wa mabawa pale wanapohitajika. Ni kama utingo anayemwelekeza dereva wa lori akirudi nyuma kwenye godauni zetu za Baba Dogo, ila rubani hana vioo vya pembeni, na haoni kilicho chini ya pua wala mkiani. Wengine wote husubiri nje ya mstari uliochorwa. Nyuma ya injini nako usikatize: upepo wake wa moto unaweza kumwangusha mtu na kupindua kigari cha mizigo.

Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mwajiri ndiye anayepaswa kukupa vifaa vya kujikinga. Ukiona hatari kubwa, mjulishe msimamizi wako mara moja. Hapaswi kukurudisha mahali hapo kabla haijaondolewa. Asiposikiza, peleka malalamiko kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini (DOSHS).