"Sisi" na "Wao": Balagha ya Uchumi katika Siasa za Utaifa, kwa Mfano wa Kitui na Makueni

Balagha ni sanaa ya kutumia lugha kwa nia ya kushawishi. Katika vyama vya utaifa vya mrengo mkali wa kulia, balagha ya uchumi aghalabu hujengwa juu ya dai moja: kwamba mgeni ndiye chanzo cha umaskini wa mwenyeji. Mnamo 1978, chama cha Front National nchini Ufaransa kilitoa mabango yaliyosawazisha idadi ya watu wasio na ajira na idadi ya wahamiaji. Hesabu hiyo haikutaja viwanda, mishahara wala waajiri.

Ukambani hakuna chama cha aina hiyo, lakini dai lenyewe si geni. Januari 2018, serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa na ya mchanga. Sababu za kimazingira zilikuwa na uzito. Hata hivyo, lori la makaa lilipoteketezwa Kanyonyoni mwezi uliofuata, wafanyabiashara wa Limuru waliandamana, na mjadala wa miti ukageuka mjadala wa makabila.

Katika mjadala kama huo, kivumishi kimilikishi "-etu" hubeba mzigo mkubwa. Ikumbukwe kwamba Kiswahili hakina maumbo mawili ya "sisi", moja la kumjumuisha msikilizaji na jingine la kumtenga. Kwa hivyo "miti yetu" humweka mchomaji makaa aliyekosa mavuno katika kundi moja na dalali wa sokoni na mwanasiasa, ilhali maslahi yao hayalingani. "Wao" humwelekea mwenye lori pekee. Mnunuzi wa Nairobi hatajwi kabisa.

Makueni inatoa mfano tofauti. Mchanga wa mito ya msimu huhifadhi maji ambayo wakazi huyafukua wakati wa kiangazi. Sheria ya kaunti hiyo ya 2015 kuhusu uhifadhi na matumizi ya mchanga iliunda mamlaka ya kuusimamia. Msamiati wa usimamizi huuliza nani ana kibali na achimbe wapi. Hauulizi yeye ni wa kabila gani.

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Balagha iliyojadiliwa hapa huupindua msemo huo, ikadai kuwa mwenyeji atapona mgeni akiondoka. Mhakiki wa lugha hana budi kuuliza kwanza: ni nani hasa aliyemo ndani ya "sisi"?