Klabu ya Mazingira na Somo la Sayansi



Ndugu wanafunzi na wazazi, sisi wa Madibira maisha yetu ni maji. Mto Ndembera hunywesha mashamba yetu ya mpunga. Maji yanayobaki huingia Ihefu, kisha Ruaha Mkuu, hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hali hiyo imejirudia miaka mingi baadaye. Je, maji huenda wapi? Swali hilo ni la sayansi, na mahali pazuri pa kulichunguza ni klabu ya mazingira.

Klabu hizi si ngeni nchini. Klabu za Malihai zilianza mwaka 1980. Mwaka 1991 Dk. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam akiwa na wanafunzi 12.

Je, klabu humsaidiaje mwanafunzi? Darasani husoma kwamba maji hugeuka mvuke. Katika klabu huchukua sahani mbili, hutia maji kwa kipimo kimoja, huweka moja juani na nyingine kivulini, kisha hupima jioni. Hapo huelewa kwa nini maji hupungua katika jaruba, na kwa nini sahani ziwe sawa ili jibu liwe la haki. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne hudai ujuzi huo huo: kupima, kuandika katika jedwali, kuchora grafu na kutoa sababu.

Hata udhu una somo lake. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Kinga beseni chini ya bomba, utawadhe kama ulivyozoea, kisha upime. Kesho tumia kopo. Tuseme umeokoa lita 4: wanafunzi 100 wataokoa lita 400 kwa sala moja tu. Hiyo ni hesabu, ni sayansi, na ni kuepuka israfu.

Lakini tahadhari! Klabu inayofagia uwanja na kupanda miti bila kuandika chochote hufanya kazi njema, ila haiongezi sana elimu ya sayansi. Mti ukipandwa, upimwe urefu kila mwezi. Ukifa, itafutwe sababu.

Basi, wanafunzi, kila mmoja awe na daftari lake la vipimo. Nanyi wazazi, mtoto akiomba kopo na rula aende mfereji wa shamba, msidhani anacheza. Pengine yeye ndiye atakayetuonyesha namna ya kulima mpunga bila kuukausha mto.

Wabillahi tawfiq.