Albamu ya tarumbeta yaunganisha ngoma za wahenga na mashine

Miaka 100 baada ya jazi kurekodiwa mara ya kwanza, mpiga tarumbeta wa New Orleans, inchini Marekani, aliuliza: muziki huu ni wa nani? Christian Scott aTunde Adjuah alijibu kwa albamu tatu, zote za mwaka 2017. Ya kwanza, "Ruler Rebel", ilitoka tarehe 31 Machi.

Swali lina uzito. Mwaka 1917, waliotangulia kutoa sahani ya jazi walikuwa kikundi cha wazungu, Original Dixieland Jass Band, ingawa muziki huo ulizaliwa kati ya watu weusi wa mji huo.

Katika "Ruler Rebel", tarumbeta inalia juu ya midundo ya Afrika ya Magharibi, ngoma za Wahindi Weusi wa New Orleans na midundo ya trapu inayotoka kwenye mashine. Adjuah alikulia ndani ya desturi hiyo: babu yake, Donald Harrison mzee, alikuwa chifu wa wale wanaovaa manyoya siku za karnavali.

Kwa Wakongomani, habari hii iko karibu. Mjini humo kuna uwanja unaoitwa Congo Square. Siku za yenga, watumwa walikutana pale, wakapiga ngoma na kucheza, wakati sehemu nyingi za Marekani ngoma zilikatazwa. Kati yao walikuwa watu waliotolewa upande wa Kongo.

Ukiisikiliza, fuata ngoma kwanza. Mashine haikuzifukuza, zinajibizana, na tarumbeta inapita katikati.